Miguu Kwanza: Maneno na Mbinu za Mwanzo za Kung Fu

(Hotuba kwa wanafunzi wapya, wazazi wao na walimu wa mazoezi)

Ndugu walimu, wazazi mliowaleta watoto, na ninyi vijana mliokaa mbele, hamjambo.

Kabla ya neno lolote, pokeeni salamu ya mchezo wenyewe. Tazameni mikono yangu. Wa kulia umekunja ngumi. Wa kushoto uko wazi, vidole vinne vimenyooka na kushikana, gumba limekunjwa. Kiganja cha kushoto kinaufunika uso wa ngumi mbele ya kifua, sentimita 20 hadi 30 kutoka mwilini, na mikono imeviringa kana kwamba imekumbatia mtungi. Wachina wanaiita baoquan, yaani kukumbatia ngumi. Ngumi ni nguvu, kiganja ndicho kinachoituliza. Gumba hukunjwa kwa sababu gumba lililosimama ni la mtu anayejitangaza kuwa yeye ndiye wa kwanza. Macho humtazama unayemsalimu, na kiuno hakiinami. Msibadilishe mikono: kwa desturi ya zamani, mwanamume akiweka kiganja cha kulia juu ya ngumi ya kushoto, hiyo ni salamu ya msibani.

Mmeona basi. Neno moja, kukumbatia, limekwisha kuwaambia viwiko vikae vipi. Hilo ndilo nililokuja kuwaeleza leo. Katika mchezo huu jina la mbinu si pambo. Jina ni maelekezo. Mwanafunzi anayekariri sauti ya jina bila kujua maana yake atakosea mwili wake miaka na miaka, na mwalimu wake atachoka kumrekebisha. Anayejua maana anaweza kujirekebisha mwenyewe akiwa peke yake uani.

Tuanze na jina la mchezo. Kwetu neno kareti limebeba kila kitu chenye ngumi na teke, tangu enzi za vibanda vya video. Lakini kareti ina kwao, Okinawa na Japani. Sanaa za Wachina kwa ujumla zinaitwa wushu: wu ni mambo ya vita, shu ni ustadi. Neno kung fu, ambalo kwa maandishi ya leo huandikwa gongfu, halina vita ndani yake hata kidogo. Maana yake ni uwezo uliopatikana kwa muda mrefu wa kujituma. Mpishi anaweza kuwa na gongfu. Mwandishi wa hati nzuri vilevile. Hata kuna chai inayoandaliwa kwa ustadi mkubwa inayoitwa gongfu cha. Kiswahili hakina haja ya kuhangaika hapa, kwa maana tunalo neno letu: ufundi.

Na kama gongfu ni ufundi, basi shifu ni nani? Yako maneno mawili yanayotamkwa sawasawa. La kwanza ni fundi: dereva, mpishi, mtengeneza umeme, wote huitwa hivyo mtaani kwa heshima. La pili limeandikwa kwa herufi ya mwalimu pamoja na herufi ya baba. Huyo ni mwalimu aliyekupokea kama mtoto wake, naye ana haki ya kukukemea na wajibu wa kukulea. Wanafunzi wake ni ndugu. Aliyetangulia kupokelewa ni shixiong, kaka, hata kama umri wake ni mdogo kuliko wako. Aliyekuja nyuma yako ni shidi, mdogo wako. Msichana aliyekutangulia ni shijie, dada. Mikanda ya rangi mnayoiona kwenye baadhi ya klabu ni kitu kilichoazimwa: imetoka kwenye judo ya Japani. China yenyewe iliweka mfumo rasmi wa madaraja tisa, yaani duan, mwaka 1998 tu.

Neno kuhusu matamshi, maana vitabu na chati mtakazozikuta zimeandikwa kwa herufi za Kilatini zenye kanuni zake. Herufi q isomeni kama ch, x kama sh nyepesi, zh kama j, na c kama ts. Kwa hiyo quan, yaani ngumi au mtindo wa kupigana, hutamkwa karibu na “chwen”. Na hapa kuna kosa moja ambalo limeenea dunia nzima: ji ya taiji si qi ile ya pumzi. Ni neno lingine kabisa lenye maana ya ukomo wa juu kabisa. Maandishi ya zamani yaliyoandika “tai chi” ndiyo yaliyowachanganya watu. Taijiquan ni mtindo wa ngumi uliojengwa juu ya fikra ya taiji, yaani pande mbili zinazogeukiana, uzito na wepesi, kufunga na kufungua.

Sasa naomba msimame. Wazee wenye magoti mabovu kaeni, mtazame tu.

Msingi wa kila kitu unaitwa jibengong, kazi ya msingi, na kazi hiyo huanzia miguuni. Mikao ya miguu ya mitindo ya kaskazini ni mitano, nami nitakaa zaidi kwenye miwili, kwa sababu mtu akiipata hiyo miwili, mitatu iliyobaki inamjia kwa urahisi.

Wa kwanza ni mabu. Ma ni farasi, bu ni hatua au mkao wa miguu. Umepanda farasi, basi. Anayempanda farasi haning'inii mbele, hakai juu ya makalio yaliyochomoza nyuma, wala hafumbati magoti. Chora mistari miwili ya chaki sakafuni, kati yake pawe na urefu wa nyayo zako mwenyewe tatu. Weka miguu kwenye mistari, vidole vyote vikitazama mbele. Keti taratibu kama mtu anayetafuta kigoda kwa nyuma bila kugeuka. Aliyeiva hushuka hadi mapaja yakawa sambamba na sakafu. Anayeanza aishie nusu ya safari, na asione haya. Goti lielekee kule kinakoelekea kidole cha kati cha mguu, lisipite ncha za vidole. Mwisho wa uti wa mgongo uning'inie chini kama timazi ya fundi mwashi. Ngumi mbili viunoni, viganja vikitazama juu. Pumua kwa pua.

Mtaona mambo mawili yakiharibika, na karibu kila darasa ni hayo hayo. Kwanza, magoti yanaangukia ndani. Sababu yake ni kuchoka kwa misuli ya pembeni ya nyonga, ile inayoyasukuma mapaja nje. Ikichoka, uzito wote unabebwa na kano za upande wa ndani wa goti, na hizo hazikuumbwa kwa kazi hiyo. Dawa si kumpigia mwanafunzi kelele. Apande juu kidogo mpaka magoti yarudi mahali pake, kisha akae hapo. Pili, makalio yanachomoza na kifua kinalala mbele. Mara nyingi tatizo liko chini, kwenye vifundo vya miguu vilivyokakamaa: mguu haukunjiki, basi mwili unatafuta mizani kwa kuinama, na kesho yake kiuno kinauma. Huyu apewe kazi ya kulegeza vifundo kila siku, aweke wayo wote chini, goti lisogee mbele taratibu mara 15 kila upande, na kwa muda huo apunguze kina cha mabu.

Kuna jaribio la fimbo. Laza fimbo juu ya mapaja ya mwanafunzi aliyeketi. Ikibiringika kuelekea magotini, bado yuko juu. Ikitulia, amefika. Lakini nawasihi walimu wenzangu, msilifanye kuwa mashindano katika mwezi wa kwanza. Kwa mtu mzima anayeanza, sekunde 30 mara tatu zinatosha, na dakika moja ya kupumzika katikati. Aongeze sekunde 10 kila wiki. Dakika mbili zilizotulia, mgongo ukiwa wima, ni bora kuliko kumi za kujinyonganyonga. Mapaja kutetemeka ni kawaida, na joto ndani ya msuli pia. Maumivu makali ya kuchoma ndani ya goti ni amri ya kusimama papo hapo. Watoto wa chini ya miaka kumi wasikalishwe kwa dakika nyingi. Sekunde 15 kwa mchezo, wakimbie, warudi.

Katika monasteri ya Shaolin, chini ya Mlima Song katika jimbo la Henan, uko ukumbi wenye sakafu iliyobonyea mashimo 48 yaliyojipanga kwa safu. Watawa wanasema ni alama za miguu ya vizazi vilivyosimama na kukanyaga mahali pale pale. Ukitazama safu zile unafahamu neno zhuang lina maana gani. Zhuang ni nguzo iliyochimbiwa. Zoezi la kusimama bila kusogea linaitwa zhanzhuang, kusimama kama nguzo, na nguzo haisimamishwi kwa misuli ya mabega. Husimama kwa sababu chini imeingia na juu imekaa wima.

Wa pili ni gongbu, mkao wa upinde. Jina lake refu ni gongjianbu, upinde na mshale, na jina hilo refu ndilo linalofundisha. Mguu wa mbele ni upinde: umekunjwa, paja linakaribia usawa wa sakafu, goti liko juu ya wayo. Mguu wa nyuma ni mshale: umenyooka, kisigino kimelala chini, vidole vimegeukia mbele kwa mshazari, kama nyuzi 45. Toka mguu mmoja hadi mwingine ni nyayo nne hadi tano katika mitindo mirefu ya kaskazini. Katika taijiquan ni fupi zaidi. Ukimwambia mtoto “nyoosha mguu wa nyuma” atausahau baada ya dakika. Mwambie mguu huo ni mshale, hasahau tena.

Kosa la kwanza la gongbu ni kuinua kisigino cha nyuma. Nguvu ya ngumi inatoka ardhini, inapanda mguu wa nyuma, inapita nyonga. Kisigino kikielea, ile njia imekatika, ngumi inabaki ya bega tu. Kosa la pili ni kuiweka miguu kwenye mstari mmoja kama mtu anayetembea juu ya kamba. Ukisukumwa pembeni kidogo unaanguka. Pawe na nafasi ya upana kati ya visigino, sentimita 10 hadi 30 kulingana na mtindo na urefu wa mtu. Ndiyo maana walimu wazuri huwasukuma wanafunzi wao begani kwa vidole viwili tu, kwa upole, kutoka upande. Vidole viwili vinatosha kuonyesha.

Mitatu iliyobaki naipitia haraka. Pubu ni kujitupa chini: mguu mmoja umechuchumaa kabisa, mwingine umenyooshwa pembeni karibu na ardhi, nyayo zote mbili zimegusa sakafu. Ukiona ukingo wa nje wa mguu ulionyooka unainuka, ujue umelazimisha, rudi juu. Xubu ni mkao mtupu, na neno ni hilohilo, tupu: uzito uko nyuma, ncha ya mguu wa mbele inagusa tu. Ipime hivi: inua mguu wa mbele bila kusogeza mwili. Kama umelazimika kuyumba nyuma kwanza, haukuwa mtupu. Xiebu ni mkao wa kupumzika, miguu imepishana, umekalia kisigino cha nyuma.

Mtu wa Wing Chun, mtindo wa kusini uliosambazwa kutoka Hong Kong na Ip Man, mzaliwa wa Foshan, ataniuliza: mbona sisi magoti tunayageuza ndani? Swali zuri. Katika mkao wao vidole vya miguu navyo vimegeuzwa ndani, na mkao uko juu, hauna kina. Kanuni haijavunjwa: goti linafuata vidole. Kinachoumiza ni goti kwenda kwake na vidole kwenda kwao.

Kaeni sasa.

Maumbo ya mkono ni matatu: quan, zhang na gou, ngumi, kiganja na ndoano. Ngumi hufungwa kwa kukunja vidole vinne kuanzia kwenye ncha, mpaka vikaingia kiganjani, kisha gumba linalala juu ya pingili za katikati za kidole cha shahada na cha kati. Gumba likifichwa ndani, siku utakayopiga kitu kigumu litavunjika. Likisimama pembeni, litanasa kwenye nguo ya mwenzako. Uso wa ngumi uwe bapa, na mgongo wa mkono uwe mstari mmoja na kigasha. Kifundo kikipinda hata kidogo, uzito wa pigo unarudi kwenye kifundo.

Ngumi ya kwanza kufundishwa ni chongquan. Chong ni kuchomoka kwa kasi, kama maji yaliyopasua kingo. Inaanzia kiunoni, kiganja kikitazama juu. Nyonga inageuka kwanza. Kiwiko kinapita kikikwaruza ubavu. Katika theluthi ya mwisho ya safari mkono unazunguka, kiganja kinatazama chini, na ngumi inafika kwenye usawa wa bega. Wakati huohuo ngumi nyingine inarudi kiunoni kwa nguvu ileile. Huo mkono unaorudi watu wanaudharau, na kumbe ndio nusu ya mbinu: unaweza kuwa umeshika mkono wa mpinzani unamvuta aje kwenye pigo, au ni kiwiko kwa aliye nyuma, na kwa vyovyote unakamilisha mzunguko wa kiuno. Mwanafunzi asiyeurudisha anapiga kwa mkono mmoja na mwili nusu.

Makosa? Bega kupanda hadi sikioni. Hapo shingo imekaza na nguvu imekwama. Kiwiko kufunguka nje kama bawa, ngumi ikaja kwa mduara, mpinzani akaiona mapema. Kuzungusha mkono mapema mno, kiwiko kikafunguka chenyewe. Na kukaza ngumi tangu mwanzo. Ikaze mwisho, pale inapogusa. Safari nzima mkono uwe hai, umelegea.

Teke. Wachina wana msemo: ngumi za kusini, miguu ya kaskazini. Kuna mwingine usemao mikono ni milango miwili, anayepiga ni mguu. Teke la kwanza ni zhengtitui, teke la mbele la mguu ulionyooka, ambalo kwa kweli ni zoezi la kufungua nyonga kabla halijawa silaha. Mguu unaosimamia umenyooka, kisigino chake hakiinuki. Mguu unaopiga umenyooka, vidole vimevutwa nyuma kuelekea kwako, unapanda kuelekea paji la uso na kushuka kwa utaratibu, hauangushwi. Anayekunja mgongo ili kichwa kikutane na mguu anajidanganya, maana mguu haukupanda, kichwa ndicho kilichoshuka. Afadhali teke la kiunoni lenye mgongo wima.

Msipige teke hilo mwili ukiwa baridi. Dakika 10 za kukimbia taratibu na kuzungusha viungo, kisha yatui, kukandamiza mguu: kisigino juu ya benchi lenye kimo cha kiuno, mgongo umenyooka, unainama kutoka nyongani kwa dakika moja kila upande. Baada ya hapo mateke 10 kila mguu, mizunguko mitatu. Wanaoruka hatua hii wanachana msuli wa nyuma ya paja juu kabisa, karibu na mfupa wa kukalia, na jeraha hilo hupona polepole sana.

Majina ya mateke mengine yanajieleza. Tan ni kufyatuka, hivyo mguu unakunjwa kwanza kisha goti linaufyatua, pigo ni la ncha au mgongo wa wayo. Deng ni kukanyaga kwa kusukuma, pigo ni la kisigino. Anayepiga deng kwa vidole hajalisikia neno.

Kwenye hilo la kufyatuka kuna mazoezi ya mistari 10 au 12 yaitwayo tantui, na nawaomba ndugu Waislamu mliopo msikilize. Wachina wana msemo wa kale kwamba kutoka Nanjing hadi Beijing, tantui asili yake ni kwa watu wa dini, na dini inayokusudiwa hapo ni Uislamu. Wahui, Waislamu wa China, wana nafasi kubwa mno katika wushu. Mji wa Cangzhou katika jimbo la Hebei umetoa mabingwa wengi, akiwemo Wang Ziping (1881–1973), Mhui, bingwa wa mtindo wa chaquan. Mstari mmoja wa tantui ni mbinu chache tu, unarudiwa kulia na kushoto mpaka mwisho wa uwanja. Ni zoezi zuri mno kwa anayeanza, kwa sababu halimpi nafasi ya kuficha upande wake dhaifu.

Sasa nafika kwenye maneno magumu, na hapa ndipo uongo mwingi huuzwa. Maneno mawili ya nguvu: li na jin. Li ni nguvu ya kawaida, ya msuli, ya kubeba gunia. Jin ni nguvu iliyofundishwa, iliyopita katika mwili mzima kwa mpangilio, kutoka unyayoni hadi kidoleni. Fajin ni kuiachilia hiyo jin. Mtu anayekung'uta shuka lililoloa kabla ya kulianika anajua kitu hiki: mikono yake imelegea, kisha ghafla inasita, na maji yanaruka kutoka kwenye pindo. Hakuna muujiza hapo. Anayewaambia kwamba ataangusha watu bila kuwagusa, mfungieni mlango.

Ili jin ipite, mwili uwe song. Neno hili hutafsiriwa “legea”, na tafsiri hiyo imewaharibu wengi, wanageuka kuwa kama mlenda. Tazameni herufi yake ya zamani: juu ina alama ya nywele ndefu. Ni kama nywele zilizofunguliwa msuko. Nywele zilizofunguliwa hazijakatwa. Zimeshika kichwani, zina uzito, zinaning'inia, lakini hazijafungana. Hivyo ndivyo bega na nyonga zinavyotakiwa kuwa: zimefunguka, hazijaanguka.

Kipimo cha mpangilio ni liuhe, miungano sita. Mitatu ya nje mnaweza kuikagua kwa macho: mkono na mguu, kiwiko na goti, bega na nyonga. Ngumi inafika pamoja na mguu unaotua, si kabla, si baada. Ukiona mwanafunzi mguu umetua “pa” na ngumi ikafuata “pa” ya pili, amepiga kwa mkono tu. Mitatu ya ndani ni moyo na nia, nia na qi, qi na nguvu. Kuhusu qi, kwa kazi ya ukumbini ichukulieni kama pumzi iliyoshuka tumboni, chini ya kitovu kwa upana wa vidole vitatu au vinne, mahali paitwapo dantian. Tumbo linajaa unapovuta pumzi, mabega hayapandi. Anayebana pumzi katikati ya pigo anachoka baada ya dakika moja.

Jin hujifunzwa kwa mtu, haijifunzwi kwa hewa. Kwa hiyo kuna tuishou, mikono ya kusukumana, ya taijiquan, na chi sao, mikono inayonata, ya Wing Chun. Katika tuishou watu wawili wanagusana vigasha na kuzunguka kwa nguvu nne za kwanza. Peng ni kujaa kutoka ndani, kama mpira uliojaa upepo: ukiubonyeza unakurudishia. Lü ni kumpokea na kumpitisha pembeni. Ji ni kubana mbele, mkono mmoja ukiusaidia mwingine. An ni kukandamiza kwa viganja. Zote tatu zinasimama juu ya peng. Kigasha kikiporomoka kifuani, huna la kufanya.

Magonjwa ya tuishou yana majina, na mnapaswa kuyajua mapema. Ding ni kupambana, nguvu kwa nguvu kama mafahali wawili. Diu ni kupoteza, mkono unaachia na hujui tena mwenzako yuko wapi. Wapya hutoka kwenye la kwanza na kurukia la pili: wakiambiwa wasisukume, wanakimbia. Dawa ni mwendo wa polepole sana na uzito mdogo, kama gramu mia moja za mgusano, usiozidi wala kupungua, kwa dakika tano kila upande. Mkubwa afanye na mdogo, mwenye nguvu na mnyonge. Wenye nguvu ndio wanaofaidika zaidi, kwa sababu wananyimwa njia yao ya mkato.

Mbinu zote za kupigana hugawanywa katika mafungu manne: ti ni mateke, da ni mapigo ya mkono, shuai ni miangusho, na neno la nne, “na” ya Kichina, ni kushika viungo. Kushika viungo, qinna, kuna sharti moja lisilo na mjadala: mwenzako akipiga kofi mara mbili, mwilini mwako au sakafuni, achia hapohapo. Na mkunjo uingizwe polepole, kwa sababu kifundo cha mkono hakitoi onyo refu kati ya maumivu na jeraha.

Taolu, yaani mfululizo wa mbinu zilizopangwa, ndio wanaoupenda watazamaji. Mfululizo wa taijiquan wa mikao 24 mnaouona viwanjani ulitungwa mwaka 1956 na mamlaka ya michezo ya China, kutoka mtindo wa taijiquan wa ukoo wa Yang, ili watu wengi waweze kujifunza. Ni mzuri. Lakini kuna msemo mkali: anayejifunza ngumi bila kufanya kazi ya msingi, uzeeni mikono yake itakuwa mitupu. Mwanafunzi anayejua mifululizo minane na gongbu yake kisigino kinaelea, ana orodha, hana ufundi. Jemadari Qi Jiguang (1528–1588), aliyepigana na maharamia kwenye pwani ya China, aliandika wazi kwamba ngumi tupu hazina kazi kubwa vitani. Faida yake ni kuzoeza mikono na miguu, na ndizo mlango wa kuingilia kwa anayeanza. Askari aliyesema hivyo alijua anachokisema.

Silaha ni nne za msingi: gun ni fimbo, dao ni upanga wa makali upande mmoja, qiang ni mkuki, jian ni upanga mnyoofu wa makali mawili. Wanasema mwezi kwa fimbo, mwaka kwa dao, maisha yote kwa mkuki. Wazazi, msinunue kwa kukisia. Fimbo isiwe fupi kuliko kimo cha mtoto. Dao au jian ikishikwa kwa mkono wa kushoto ikiwa imesimama nyuma ya mkono, ncha isiwe chini ya ncha ya juu ya sikio. Mkuki usiwe mfupi kuliko urefu toka wayo mpaka kidole cha kati mkono ukiwa umenyooshwa juu. Mtoto anakua, kwa hiyo pimeni kila mwaka. Na hakuna silaha kabla ya miezi sita ya miguu.

Kwa mwezi wa kwanza, siku tatu kwa wiki, saa moja kila siku: dakika 10 za kupasha mwili, 10 za kunyoosha, 15 za mabu na gongbu, 10 za chongquan ukiwa umesimama mabu kwa kina cha nusu, ngumi 20 kila mkono kwa mizunguko mitatu, 10 za mateke, na tano za mwisho kutembea na kupumua. Mikao mingine mitatu ije mwezi wa pili, tuishou wa tatu.

Sasa vueni viatu. Jipangeni mistari minne, wadogo mbele, wakubwa nyuma, nafasi ya mikono miwili kati ya mtu na mtu. Chukueni chaki, kila mmoja apime nyayo zake tatu. Wazazi, pitieni kati ya mistari mtazame magoti: likiangukia ndani, mguseni mtoto begani apande kidogo. Tunaanza na mabu, sekunde 30.